Amana ya Mjomba Ndani ya Friza

Siku ya arobaini ya baba tulifungua sanduku lake la bati. Zilitoka kanzu mbili, koti la mvua la enzi zake za reli, saa iliyosimama, na chini kabisa furushi la kaniki lililofungwa kwa kamba ya mkonge. Mama alipoliona aliinuka mkekani, akavuta khanga yake begani, akatoka uani. Hakuna aliyemwambia atoke. Miaka arobaini na mitatu alikifagia chumba kile, akilisogeza sanduku na kulirudisha mahali pake, na kamba ile hakuigusa.

"Hilo la wanaume," alisema akiwa ameshafika nje. Kisha akamwita mke wangu: "Mkwe, njoo tuchambue mchicha."

Ndani ya furushi mlikuwa na lipiko. Wengi wetu tukisikia kinyago cha Kimakonde mawazo hukimbilia mpingo mweusi unaong'arishwa pale Mwenge, Dar es Salaam, watu waliopandana mabegani mpaka juu. Lipiko ni kitu kingine kabisa. Huchongwa kwa mti mweupe mwepesi, likakombwa ndani mpaka kuta zake zibaki nyembamba kama za kibuyu, kwa sababu mchezaji atalitumbukiza kichwani lote na kucheza nalo jua likiwaka. Mpingo ungemvunja shingo. Macho ya lipiko hayaoni. Mchezaji huona kwa kupitia mdomo wake.

Hili letu lilikuwa na uso wa bibi mwenye ndonya kwenye mdomo wa juu, meno yaliyochongoka, masikio madogo yaliyolala, na nywele za binadamu za kweli, zilizonyolewa na kubandikwa kishungi kwa kishungi. Nembo za mashavuni hazikuchongwa. Zilitiwa kwa nta ya nyuki, uzi mwembamba wa nta uliokunjwa pembe baada ya pembe na kupakwa masizi. Kwenye shavu la kushoto nilihesabu mikunjo saba. Nataja idadi hiyo kwa sababu leo haiko saba.

Ya jandoni nayaacha jandoni. Haya niliyoyasema yameandikwa vitabuni, na mapiko yenyewe yamo kwenye makabati ya makumbusho ya nchi nyingi, kwa hiyo sijamvunjia mtu siri.

Baba aliniachia neno moja kuhusu furushi lile, na alilirudia mpaka siku zake za mwisho: "Hiyo ni amana. Si yako wewe, ni ya mtoto wa shangazi yako." Mtu wa makabila mengine angemwonea uchungu mwana anayenyimwa cha baba yake. Mimi sikuona ajabu. Baba alikuwa Mmakonde, mama ni Mluguru wa Kinole, na makabila haya yote mawili huhesabu ukoo upande wa mama. Wamakonde wa kule alikotoka baba husema *likola*, Waluguru husema *lukolo*, na ukiyasikia maneno hayo mawili yakitamkwa kwenye chumba kimoja unaona kabisa kwamba yalizaliwa nyumba moja. Mimi ni wa lukolo la mama. Lipiko lilichongwa na mjomba wa baba, likaja kwa baba kama mpwa, na kutoka kwa baba njia yake ni kwa mpwa wake yeye, binamu yangu aliyeko Mtwara. Mimi nilikuwa kituo tu.

Mjomba yule alivuka Ruvuma kwa miguu miaka ya hamsini akitokea uwanda wa Mueda, Msumbiji, kabla ya mauaji ambayo Wareno waliyafanya pale tarehe 16 Juni 1960. Kule Wareno walikuwa wakiwalazimisha watu kulima pamba kwa bei ya kuwanyonya, na huku mashamba ya mkonge yalikuwa yakitafuta mikono. Wamakonde wengi walikwenda njia hiyo. Wengine walipitiliza mpaka Kwale, Kenya, na wajukuu zao walikuja kupewa vitambulisho vya uraia mwaka 2017. Mjomba wa baba aliishia huku Morogoro, akikata mkonge Tungi na Pangawe, huku akimlea mpwa wake kambini. Alilichonga lipiko kichakani, baada ya zamu, kwa sababu watoto wa kambi walikuwa wanakua bila jando. Mkonge ulipoporomoka bei, baba akapata kibarua kwenye reli, akaja Mikese, akamkuta mama.

Nilimpigia binamu simu usiku ule wa arobaini. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Korosho zikiisha nitakuja. Hesabu Januari." Na kabla hajakata: "Litunze."

Neno hilo moja ndilo lililonihangaisha miezi iliyofuata.

Mwezi wa tisa nilifungua furushi kuliangalia, na unga ukanimwagikia mapajani. Ulikuwa mweupe, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Upande wa kisogo kulikuwa na matundu madogo, ya ncha ya sindano, mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Fukusi. Mpingo huwashinda, lakini mti mwepesi kama ule ni chakula chao, na kwa jinsi kuta za lipiko zilivyo nyembamba, mdudu hana safari ndefu kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Seremala wa hapa kwetu, ambaye nilimweleza kwamba ni kitu cha mti tu, aliniambia nianike juani. Ndivyo afanyavyo yeye na mbao zake. Sikutaka mtu alione, kwa hiyo nililiacha ndani ya kaniki, nikapanda ngazi saa tatu asubuhi na kuliweka juu ya bati, nyuma ya tangi la maji. Kisha nikapanda gari kwenda mjini Morogoro kufuatilia mafao ya baba. Nilidhani saa sita nitakuwa nimerudi. Nilirudi saa kumi kasoro.

Kaniki ni nguo nyeusi. Bati la Mikese mwezi wa tisa unaweza kulitupia tone la maji likalia. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za sentigredi, na hulainika mapema zaidi. Haya yote nilikuwa nayajua, kila kipande kwa nafasi yake. Asubuhi ile sikuyakutanisha.

Nilipofunua nilikuta uzi wa nta wa shavu la kushoto umeteleza wote mpaka taya na kujikusanya pale kama tone la mshumaa. Mikunjo saba ilikuwa imekuwa kivimbe kimoja. Kishungi cha nywele kilining'inia juu ya jicho. Na kutoka kipaji cha uso mpaka sikioni palikuwa na ufa ambao ukucha wa kidole gumba uliingia. Nilikaa juu ya ngazi nikiwa nimelipakata, nikalia. Sikumlilia baba mbele za watu siku tuliyomzika, ila siku ile nililia.

Mama alikuwa jikoni, kanipa mgongo. Harufu ilikuwa imemfikia.

"Hiyo nta," alisema. "Umemwanika mtu juani."

Nilimwambia ni kwa ajili ya fukusi. Hakugeuka. Aliendelea kukoroga sufuria yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu akanisimulia habari za mwana hiti wake. Waluguru, Wakwere, Wakutu na Wazaramo wana kinyago hicho kidogo cha mti, chenye kiwiliwili na kichwa cha shungi mbili, bila mikono wala miguu. Mwali akiwekwa ndani hupewa akitunze kama mtoto. Mama alikuwa nacho chake kule Kinole, katika kibanda cha bibi yake. "Kila asubuhi namwosha, nampaka mafuta ya nyonyo, namlaza. Ukimwacha juani anapasuka, ukimwacha mahali penye majimaji anaoza. Nilifundishwa mtoto kwa mti ule. Wewe hukufundishwa. Si kosa lako peke yako."

Akaniagiza, bado akiwa kanipa mgongo, niliweke kwenye kona ya mtungi, mahali penye ubaridi usio na maji, na akanipa karafuu za kwao kwenye kitambaa nizilaze ndani yake. Karafuu zilisaidia harufu. Fukusi hazikuwaondoa. Siku nne baadaye unga ulikuwa chini tena. Lile jua liliwasukuma ndani zaidi ya mti, basi.

Kupitia kwa rafiki nilipata namba ya mtu anayefahamu kutunza vitu vya makumbusho. Alinisikiliza bila kunikatisha. Akaniambia nisitie mafuta ya taa, maana yataila nta na kuzilegeza nywele. Nisitie oili chafu ile tunayopaka nguzo. Nisipulizie dawa ya mbu. "Ligandishe," akasema. Makumbusho mengi hufanya hivyo: kitu hufungwa ndani ya nailoni, hewa ikakamuliwa, kikawekwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili hivi. Mdudu, yai lake na kifunza chake vyote hufa. Ukishakitoa, nailoni usiifungue mpaka kipate joto la chumba, la sivyo maji yatatua juu ya mti kama jasho la chupa ya soda. Akasisitiza: baridi isikatike.

Mikese nzima nilijua friza moja yenye baridi ya namna hiyo ambayo ningeweza kuiomba. Ilikuwa ya mke wangu.

Hapa ni lazima nieleze friza ile ni nini nyumbani kwetu. Mikese ni mahali pa mizigo tangu zamani. Wajerumani walipitisha reli hapa kabla haijafika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1916 Waingereza walipafanya bohari yao, na wapagazi kwa maelfu walitoka hapa na mizigo vichwani kuifuata vita mpaka Rufiji. Siku hizi mizigo inapita kwa malori, na malori yanasimama mizani. Foleni ikiwa ndefu, dereva na utingo wake wana kiu. Mke wangu aliinunua friza ile kwa mkopo wa kikoba, akawa anauza maji, juisi ya ubuyu na barafu. Ada ya watoto inatoka mle. Na mimi nilikuwa naiomba mwezi wa kumi, joto linapopanda, biashara inapokuwa tamu kuliko miezi yote ya mwaka.

Hakujibu siku ile. Asubuhi aliniuliza swali moja: "Baba alisema ni ya nani?" Nikamwambia. Akaenda kwa jirani kuomba nafasi kwenye friji yake, akahamisha chupa zake, akanunua ndoo mbili za kuwekea maji na mapande ya barafu ya kukopa. Nyumba ikiwa tupu nililizungushia lipiko shuka jeupe, nikalitia ndani ya nailoni nzito ya kufungia godoro, mara mbili, nikakamua hewa, nikafunga kwa utepe wa gundi. Nililaza uso ukielekea ukutani mwa friza.

Kila siku mke wangu aliweka alama kwenye daftari la hesabu. Siku ya tisa umeme ulikatika asubuhi na haukurudi mpaka kesho yake jioni. Tulifunika friza kwa magodoro na mablanketi. Haikutosha, nilipoingiza mkono kuta zilikuwa zimeanza kulia maji. Nilipiga simu. Mtaalamu akasema kwa upole kwamba mdudu aliyepoozwa nusu anaweza kuzinduka, tena anazoea. Tuanze upya, siku ya kwanza.

Mke wangu alilitazama daftari lake lenye alama tisa. Alizikata kwa mstari mmoja.

"Anza," akasema.

Siku ile ya kuanza upya ndiyo iliyotuletea balaa. Tulipofuta maji ya friza, furushi liligeuka, na shuka ndani ya nailoni likawa limeteleza kutoka mdomoni. Sikuliona hilo, nilikuwa nawahi kufunga. Siku mbili baadaye utingo mmoja, mteja wetu wa siku zote, alikuja mchana kutoka kwenye foleni ya mizani. Mke wangu alikuwa uani. Kijana alifanya kama alivyozoea, akainua kifuniko mwenyewe achukue maji. Alikutana na meno, ndonya, na nywele za mtu zenye barafu nyeupe.

"Kichwa! Kichwa cha mtu!"

Nilikuwa mbali, na bado sauti ile ilinifikia. Nilipofika nyumbani baraza ilikuwa imejaa na wengine walikuwa wanakuja kutoka Fulwe kwa bodaboda. Mwenye kusoma asidhani lilikuwa jambo la kuchekesha. Nchini mwetu watu wameuawa kwa viungo vyao, na wengine wameuawa kwa kudhaniwa tu kuwa wachawi. Nywele za binadamu ndani ya friza ya mtu anayeuza juisi si habari ya kupuuzwa, na sikumlaumu hata mmoja aliyekuja. Mwenyekiti alifika na mgambo. Watu walitaka friza itolewe nje, ifunguliwe barabarani kila mtu aone.

Nilitaka kusema, na maneno hayakuja. Kama ningeifungua, ningelimaliza kila kitu ambacho baba alikilinda kwenye sanduku lake. Kama nisingeifungua, ningekuwa nimekiri.

Mama alitoka uani na mwiko mkononi. Alipita katikati ya watu, akafika kwenye friza, akaikalia.

Alianza na wanawake. Aliwatazama wale wa rika lake, mmoja mmoja, wengine aliwacheza unyago yeye mwenyewe. "Nani kati yenu alifundwa na mwana hiti mkononi?" Hakuna aliyejibu, lakini nyuso zilishuka. "Wewe hapo, ungependa mwana hiti wako afunuliwe mizani, utingo na madereva wamkodolee macho?" Bibi aliyeulizwa akatikisa kichwa. "Humu ndani mna kitu cha jando la kwao baba yake huyu. Sijakiona. Nimelala nacho chumba kimoja miaka arobaini na mitatu na sijakiona, kwa sababu si changu kukiona. Wanaume wazima na waingie wakitazame, watatuambia. Sisi twendeni mwembeni."

Na wakaenda. Ilianza na yule bibi, akavuta binti yake, binti akavuta wanawe. Mke wangu alikuwa wa mwisho. Nilimwona akigeuka kuitazama friza yake mara moja, kisha akawafuata.

Waliingia mwenyekiti, wazee wawili, mgambo, na utingo mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeshtaki. Nailoni sikuifungua. Mwenyekiti alipiga kwa ukucha juu ya paji la uso, ko, ko, akatega sikio. Akapiga tena.

"Mti," akasema.

"Na nywele?" mzee mmoja akauliza.

"Nywele ni za kweli," nikamwambia. "Zilinyolewa, zikabandikwa kwa nta."

Mzee yule akainama karibu sana, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye nailoni. Alisema alikata mkonge Pangawe akiwa kijana, na Jumapili moja lilitoka kwenye vichaka vya Wamakonde jambo lililowakimbiza wote kambini, wanawake wakipiga mayowe na kucheka. "Kumbe ni huyu," akasema kwa sauti ya chini, akaondoa kofia yake. Mwenyekiti akaandika kwenye daftari lake: kinyago cha asili, mali ya ukoo. Utingo aliomba radhi kwa mke wangu pale mwembeni, akanunua maji kutoka kwenye ndoo.

Habari ilienda mbali kuliko nilivyotaka. Wiki haikuisha, akatokea mtu kwenye gari dogo, mtu mstaarabu, aliyesema ananunua vya kale. Hakuomba kuliona. Alitaja fedha, na ilikuwa bei ya friza mbili mpya. Mke wangu ndiye aliyekuwa barazani, amekaa kando ya ndoo zake za barafu iliyokwisha kuyeyuka.

"Si letu," akamwambia, na kumkaribisha maji.

Usiku ule nilimsimulia kisa kilichokuwa kichwani mwangu tangu mtu yule ashuke garini. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yaliibiwa, na katika vilivyopotea kulikuwa na kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris, kikaishia kwenye jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Italia, Enrico Castelli, aliwafahamisha wenye jumba kwamba kile walichonacho ni kile kilichoibwa kwetu. Barua zikaandikwa, Tanzania ikaomba, vikao vya kimataifa vikakaa, na kilikabidhiwa Mei 10, 2010, miaka 26 baada ya wizi. Kipande cha mti mwepesi. Mke wangu aliuliza kama Geneva walikijua kilichongwa na nani. Swali hilo sijalipatia jibu, na kila nikilikumbuka nauona mwendo wa yule mjomba kutoka Mueda.

Siku kumi na nne zilitimia bila umeme kukatika. Tuliliacha ndani ya nailoni yake siku mbili zaidi, kwenye kona ya mtungi, mpaka jasho lote la nje likakauka. Nilipolifungua niliweka karatasi nyeusi chini yake. Nikaitazama karatasi ile kila asubuhi, Novemba nzima, Desemba nzima. Haikudondokewa na chembe.

Binamu alikuja Januari na kilo tano za korosho. Nilimweleza yote kabla hajakaa, kuanzia bati mpaka friza, kwa kuwa sikutaka ayagundue kwa macho. Alisikiliza, akaomba chumba. Wanawake wakaenda uani. Kijana wangu, ambaye hajaingia jandoni, alibaki nje ya mlango.

Alilipakata kama mtu anavyompakata mtoto mchanga, akiweka kiganja kisogoni. Alipitisha kidole kwenye ufa. Alikigusa kile kivimbe cha nta chini ya taya kwa muda mrefu. Hakunikaripia, aliniomba jiko la mkaa na kijiko. Akakibandua kivimbe, akakiyeyusha kijikoni pamoja na nta mpya aliyokuja nayo imefungwa kwenye jani, na ya kwanza akaimimina kwenye ufa, akaisugua kwa kidole gumba mpaka ikalala sawa na mti. Iliyobaki aliiacha ipoe kidogo, akaiviringisha juu ya paja lake ikawa uzi, akaanza kuukunja shavuni, pembe, pembe, akiubana kwa ukucha. Akaomba masizi. Kijana wangu alikwangua sufuria ya bibi yake, akaupitisha unga mweusi kwenye upenyo wa mlango juu ya kifuniko cha chupa, akiwa amefumba macho.

Nilihesabu. Mikunjo ilikuwa sita.

"Mjomba wa baba aliweka saba," nikamwambia.

"Ule ulikuwa mkono wake," akasema, na kupuliza masizi yaliyozidi. "Huu wangu."

Nilimsindikiza mpaka Dar es Salaam, lipiko likiwa ndani ya kaniki ileile na kamba ileile ya mkonge. Kwenye dirisha la mabasi ya kusini alikata tiketi mbili. Mkatishaji akauliza jina la abiria wa pili, naye akataja jina la mjomba yule aliyevuka Ruvuma kwa miguu, akaliandikisha herufi kwa herufi. Halafu akauliza basi linaondoka saa ngapi, akainua kichwa kutazama jua lilikokuwa, na kuomba viti vya upande wa kulia, ambako asubuhi kuna kivuli.